Mwalimu Chapati na Swali Lililotangulia

Shikamooni wazee wetu, na wengine wote poleni na msiba. Jina lake kamili ni Mwalimu Godwin Ndetaramo Njau, limeandikwa hapo chini ya picha, ila nikilitaja hilo tu, nusu ya waliosimama huko nyuma kwenye migomba watadhani wamekosea msiba. Aliitwa Chapati. Mwaka 1997, akiwa mwalimu mgeni wa fizikia kwenye sekondari moja ya hapa Moshi mjini, aliingia kidato cha nne na chapati mbili kwenye gazeti. Ya kwanza akaipaka mafuta juu, halafu akaigeuza. Ya pili akaigeuza kwanza, halafu akaipaka mafuta juu. Akawauliza wanafunzi: nimefanya mambo yale yale mawili, kwa nini hii ina mafuta chini na ile ina mafuta juu? Mkuu wa shule akapita dirishani muda huo huo, akamkuta mwalimu ana mafuta mpaka kwenye kiwiko na darasa zima linagombania ushahidi. Kabla ya mapumziko jina lilishafika jikoni. Marehemu alilikataa kama wiki mbili, halafu akachoka. Kwenye simu yangu nimemhifadhi hivyo hivyo, Mjomba Chapati, na hata leo asubuhi nilichungulia kama kaandika kitu.

Nitatania kidogo, mnisamehe, bila utani sifiki chini ya ukurasa. Ila mjue mapema: kuna swali moja kuhusu marehemu ambalo mimi sina jibu lake na linanimaliza. Mwenye jibu anaweza kuwa amekaa kwenye viti hivi. Kwa hiyo naomba mtu asiwahi sahani kabla sijamaliza.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1970 hapa hapa Kidia, Old Moshi, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Mzee Ndetaramo Njau na marehemu Bibi Eliaichi. Mkubwa ni Mjomba Elimringi, wa mwisho ni mama yangu, Doris. Bibi alikuwa akisimulia kwamba Godwin wa miaka sita aliulizwa kama ameshiba, akajibu kwamba inategemea kama swali linalofuata ni la ndizi au la kwenda kuchota maji. Bibi alimpiga kofi dogo. Baadaye sana, marehemu alisema lile kofi lilikuwa la haki lakini jibu lilikuwa sahihi.

Alisoma shule ya msingi hapa Kidia kuanzia 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi 1988, kidato cha tano na sita Tanga, na mwaka 1992 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam, ambako alihitimu ualimu wa fizikia na hisabati mwaka 1995. Huko ndiko alikokutana na hesabu za kwanta, zile za vitu vidogo kuliko chochote mnachokijua. Kwa jinsi alivyonieleza mimi, ambaye fizikia ilinikimbia kidato cha pili, ni hivi: huko chini kupima kitu si sawa na kufungua kabati ukaona kilichokuwemo. Ukikipima umekigusa, na hakirudi kilivyokuwa. Ukipima hiki kwanza na kile baadaye, hupati sawa na ukianza na kile. Watu wengi wanasoma hayo, wanafaulu, wanasahau. Yeye alirudi nyumbani akaanza kuyaona kwenye kila sufuria.

Mnaoikumbuka ile pombe ya mbege ya mwaka 2016 msinizomee, nimemwahidi shangazi Beatrice, mjane wake, nitaisema. Marehemu alisoma kwamba hata vijidudu, ukivilisha sukari hii kwanza na ile baadaye, vinakua tofauti na ukigeuza. Badala ya kununua vijidudu akachukua ndoo mbili za shughuli ya watu. Moja akaiacha ipikwe kama inavyopikwa, ndizi kwanza, uji wa ulezi baadaye. Nyingine akaigeuza. Ndoo ya pili ilinuka soksi za mpanda mlima aliyeshuka jana. Ndoo ya kwanza ikaisha mapema, wageni wakakaa kavu, yeye akakaa pembeni anaandika kwenye daftari, mtu pekee mwenye furaha kwenye shughuli nzima.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwa binadamu. Kuanzia 2021 alizunguka soko la Pasua na maswali mawili tu: je, wewe ni mkweli, na je, jirani yako wa meza ni mkweli. Watu mia nne na kumi na wawili. Nusu waliulizwa juu yao kwanza, nusu waliulizwa juu ya jirani kwanza. Fomu zilichapwa bure na rafiki yake wa kucheza naye mpira tangu utoto, Mohan, mwenye duka la vifaa vya shule mjini, za kijani kwa mpangilio huu na za njano kwa ule. Mimi nilikuwa nakaa nyumbani kwa marehemu, kule Shirimatunda, nikisoma chuo, kwa hiyo miguu ilikuwa yangu. Nimeuliza maswali yale mpaka wauza nyanya wakawa wananikimbia. Walioanza kwa kujisema wao ni wakweli, sabini na mmoja kati ya mia walimpa na jirani ukweli. Walioanza na jirani, hamsini na wanne tu. Maswali yale yale, soko lile lile. Marehemu alikaa na hesabu za kawaida zikagoma, akakaa na za kwanta zikakubali. Hakusema ubongo wa muuza nyanya una maajabu ndani, hilo alilikataa kabisa. Alisema mara nyingi jibu halijakaa kichwani likisubiri kuulizwa. Swali ndilo linalolitengeneza, na swali lililotangulia linabaki mkononi kama mafuta. Makala yake ilitoka kwenye jarida la nje mwaka 2023. Jina langu liko mwishoni, kwenye shukrani, limekosewa herufi, na nimeliweka fremu.

Mkewe naye alimpata kwa njia hiyo hiyo. Shangazi Beatrice alikuwa fundi cherehani Pasua mwaka 1998. Marehemu akaenda akamuuliza kama ana mchumba, halafu kama ana furaha. Hapana, na hapana. Wiki iliyofuata akarudi akaanza na furaha. Shangazi akasema anayo, kazi inakwenda vizuri. Alipofika kwenye mchumba, shangazi akaweka mkasi chini akamuuliza yeye anauliza kwa niaba ya nani. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1999 katika usharika wa hapa Kidia, na mshereheshaji alimwita bwana harusi Chapati mbele ya mchungaji. Walijaliwa watoto wawili, Jesse na Wilson.

Hapa ndipo utani unaniishia.

Mwezi wa nne mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo. Mwezi wa tano akapimwa, akakutwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Daktari alimweleza wazi: akipasuliwa kabla ya mwezi wa saba, nafasi ya kupona ni sita kati ya kumi. Akingoja, haijulikani. Marehemu akaomba muda wa kufikiri. Sisi tukaita kikao.

Mnajua kwetu. Mtu mzima akiugua hivyo ukoo unakaa naye, anaulizwa, linaandikwa, na lililoandikwa kwenye kikao halichezewi. Kikao kilikuwa Jumamosi tarehe 14 Juni, ndani ya nyumba hii. Niliambiwa niandae maswali kwa sababu mimi ndiye mtu wa fomu. Niliandika namba moja upasuaji, namba mbili mahali pa kuzikwa. Mjomba Elimringi akaniambia nianze na kaburi. Mwaka jana mtu wetu alizikwa Dar, ukoo ukaona aibu, na wazee walitaka kusikia habari ya udongo wa kihamba, shamba la ukoo, kabla ya kitu kingine chochote. Sikubisha. Nikahamisha namba mbili ikawa namba moja. Kwa kidole kimoja, kwenye simu.

Mimi. Niliyezunguka na fomu za kijani na za njano.

Mjomba Elimringi alimuuliza kwa upole sana: "Mdogo wangu, siku ukiondoka tukulaze wapi?"

Marehemu akasema kwenye mibuni ya mama, chini ya ule mti wa mringaringa. Ndipo hapo mnapopaona palipochimbwa. Wazee wakashusha pumzi, mmoja akashukuru kwa sauti. Halafu likaja la pili, kama tumpeleke kupasuliwa. Akaangalia nje, kule kule kwenye mibuni.

"Hapana," akasema. "Mmeshanilaza tayari."

Watu walicheka kidogo. Tulidhani ni Chapati anatania. Nikaandika hapana.

Jioni ile nilimfuata uani nikamwomba anisamehe. Nikamuuliza, tungeanza na upasuaji ungesemaje? Nilitaka aseme angejibu hivyo hivyo. Angeweza kunidanganya na ningeshukuru mpaka kufa. Akafikiri kweli, kama nilikuwa mwanafunzi mwenye swali zuri.

"Sijui, Kindness. Kabla ya lile swali sikuwa nimekataa na sikuwa nimekubali. Hakuna mahali pa kwenda kuchungulia."

Nikamuuliza tena hapo hapo, tukupeleke? Akasema hapana, na kwamba swali likishapimwa ukilirudia papo hapo utapata lile lile, hata mimi nalijua. Nilimuuliza mara tatu nyingine mwezi huo. Mwezi wa saba nikamwandikia ujumbe akiwa chumba cha pili, mjomba twende tu, nakuomba. Tiki zikawa za bluu. Akanitumia kipicha cha chapati. Nilikaa sakafuni nikalia na kucheka, na sikuingia chumbani kwake, na hilo nalo sijui kwa nini. Mwezi wa nane tulipompeleka kwa nguvu, daktari alisema uvimbe umeshasambaa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Shirimatunda, mkewe akiwa amemshika mkono.

Nilipoandika haya nilimpelekea Mjomba Elimringi ayasome kwanza, nikijua atafuta. Alisoma kwa miwani, muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa. Akaniambia: "Mimi ndiye niliyesema tuanze na kaburi. Liache na jina langu." Akarudisha karatasi akaenda kusimama na wachimbaji.

Jumatano Mohan alikuja kutoa pole, akaniambia kitu. Siku tatu kabla ya kikao alikaa na marehemu dukani, akamuuliza vipi habari ya upasuaji, na marehemu akasema tukimaliza kuchuma kahawa hii ya kwanza, mwezi huu huu, nitakwenda. Nitakwenda. Nilimshika Mohan mkono mpaka akaniangalia vibaya. Halafu nikamuuliza, kabla ya hapo mlikuwa mnaongea nini? Akasema walikuwa wanaongea kahawa ya mwaka ujao, miche mipya, nani atapalilia. Kwa hiyo na Mohan alikuwa ameshamwekea mwaka ujao mkononi. Sijui tena. Kuna ndiyo moja yenye miche ya kahawa ndani yake, na hapana moja yenye kaburi ndani yake, na mimi sijui ipi ni ya kwake.

Marehemu ameacha mjane, shangazi yetu Beatrice, watoto Jesse na Wilson, kaka yake Elimringi, dada yake Doris, wapwa ambao mmoja ndiye huyu, rafiki yake Mohan ambaye leo amefunga duka, na wanafunzi wa miaka ishirini na tisa waliokuja kwa wingi kiasi kwamba kiwanja cha shule kimejaa pikipiki.

Na sasa ombi langu. Pale kwenye meza ya getini, pembeni ya kitabu cha rambirambi, kuna daftari la kijani. Ni lake, lilibaki kurasa tupu nyingi. Naomba kila aliyekuwa na neno na Mwalimu Chapati aandike hadithi yake humo, ya darasani, ya mbege, ya sokoni, hata ya kumcheka. Na kama uliongea naye kati ya mwezi wa tano na tarehe 14 Juni, dakika tano tu, njiani, kanisani, kwenye simu, nakuomba sana andika alikuambia anataka kwenda au hataki. Usinionee huruma, usiandike cha kunifariji. Andika alivyosema. Ila kabla hujaandika jibu lake, anza na mstari wa juu: mlikuwa mnafanya nini, mlikuwa mnaongea nini, ulimuuliza nini kwanza.

Yeye apumzike chini ya mringaringa wake, na mtu yeyote asimuulize tena kitu.