Mwalimu Kambere Kasonia Zacharie na Enclume Isiyopigwa Tupu

Kyavisale, siku ya pili (Jumanne), tarehe 24 Septemba 2024

Wapendwa ndugu, pasteur wetu, wazee wa kijiji, walimu wenzake marehemu, na ninyi mulioketi huko nyuma karibu na njia ili muondoke mbio: karibuni. Mimi ni Florentine, ndugu mudogo wa marehemu, yule anayeuza vitenge ku soko ya Butembo. Pasteur aliniomba niandike Kiswahili cha kanisa. Nitajaribu, mais kama ile ya soko inatoka, munivumilie. Wanajeshi wametuambia barabara inafungwa saa kumi, kwa hiyo sitazunguka. Kuna neno linatembea katika kijiji hiki tangu mwezi wa saba, ya kwamba nyundo ya yaya yangu, kaka yangu huyu mukubwa, ndiyo iliita adui. Hatutamufunika na udongo pamoja na lile neno. Nitaeleza maisha yake, kisha ninyi wenyewe mutaamua.

Kambere Kasonia Zacharie alizaliwa Alimbongo tarehe 4 Aprili 1971, mutoto wa pili wa kiume wa muzee Kasonia Gamaliel na mama Kahongya, wakulima wa viazi, ambao wote wawili wametutangulia. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kubwa. Musimu wa mvua malori yalikuwa yanavunjika ressort, zile chuma za chini zinazobeba uzito, hapo kwenye mupando, na mafundi walikuwa wanawasha makala chini, wanapasha chuma na kukinyoosha. Siku moja mama alimutuma Zacharie akauzie mafundi viazi vya kuchemsha. Alirudi na viazi vyote, vimepoa, na kidole kimeungua. Mama akamuuliza, "We mutoto, ulikuwa unafanya nini?" Akajibu, "Mama, chuma kinakuwaka laini kama bugali!" Mama alimuchapa kwanza, kisha akamupaka asali ku kidole.

Alisoma shule ya musingi hapo Alimbongo, kisha akaenda Butembo kwa masomo ya pédagogie, yale ya ualimu, akapata diplôme d'État mwaka 1992. Hakuwa wa kwanza darasani, tusidanganyane mbele ya maiti. Alirudia mwaka wa nne kwa sababu ya Kifaransa. Miaka yote aliyofundisha Kifaransa alikuwa anawaambia wanafunzi wake jambo hilo, ili anayeanguka asilie sana.

Alianza ualimu Kirumba mwaka 1993. Mwaka 1999 alihamia hapa Kyavisale, akafundisha darasa la tano na la sita mpaka mwaka huu. Alikuwa na shamba la kakao, mihogo, na maharagi kama kila mutu. Lakini nyuma ya jikoni alijenga kibanda, akaweka makala, koleo, na pedali ya baiskeli iliyozungusha feni ya kupuliza moto. Hapo ndipo alifulia chuma. Haikuwa kazi yake ya kula, ilikuwa furaha yake. Wengine wakitoka kazini wanacheza dame, wengine wanakunywa kasiksi, na yeye alikuwa anachukua ressort ya lori iliyokufa na kutoa jembe ndani yake. Nani hapa hana jembe lake, ao kisu, ao bawaba ya mulango? Hata wale wanaosema vibaya juu yake, leo asubuhi walikata majani ya sombe na kisu chake.

Katika kibanda kile kulikuwa enclume, ule mwili muzito wa chuma ambao mufua-chuma anawekelea kazi yake juu na kupiga. Ya kwake ilikuwa kipande cha buludoza iliyoachwa zamani kando ya barabara, na wanaume walibadilishana mabega kuifikisha. Na Mwalimu alikuwa na sheria moja tu: enclume haipigwe tupu. Nyundo ishuke juu ya chuma cha moto, siyo juu ya enclume yenyewe, kwa sababu hiyo inaharibu uso wake. Siku moja pasteur alipita kusalimia, akaokota nyundo na kugonga kidogo, asikie tu sauti. Mwalimu, ambaye hakupandisha sauti hata mbele ya darasa la watoto sabini, akapiga kelele: "Pasteur, hapana! Tupu hapana! Tia kwanza chuma!" Pasteur anacheka sasa, lakini siku ile aliacha nyundo chini kama mwizi.

Tarehe 19 Agosti 2000 alifunga ndoa na Marie-Jeanne Kavuo, binti wa Beni. Wakatoliki wa kwao walisikitika, Waprotestanti wa kwetu walisikitika, na wao wawili wakaoana. Alimufulia jembe la harusi. Mulamu wangu Marie-Jeanne aliligeuza huku na huku mbele ya wageni, akasema, "Miye nilitazamia mashini ya kushona." Kelele ya kile kibanda ilimuchosha kweli. Kila mara nilipofika kuwatembelea alinipokea na neno lilelile: "Florentine, niliolewa na mwalimu, nikapata garage." Lakini alilala karibu na kelele ile miaka ishirini na minne, akapika karibu nayo, akanyonyesha karibu nayo. Shikeni hilo, kwa sababu ni hilo lililookoa wengi wenu.

Mauaji yalipoanza kukaribia huku kwetu, comité ya kijiji, ambayo Baba Ésaïe ni président wake, iliweka sheria. Chuma kikipigwa kuanzia saa kumi ya jioni, iwe jante ya shule inayopigwa kama kengele, iwe sufuria, iwe nini, maana yake ni adui, kila mutu akimbie. Mwezi wa tatu 2022, Mwalimu alisahau. Kulikuwa bawaba ya mulango wa kanisa, ibada ilikuwa kesho yake, na mvua ilikuwa imefunika jua hata hakujua saa. Akapiga. Ee Mungu wangu! Kijiji chote kikaingia njiani na watoto mugongoni, mutu mumoja na sufuria ya maharagi inayochemka juu ya kichwa. Na Mwalimu, alipoona watu wanakimbia, naye akakimbia. Alipofika kwenye kilima akamushika muzee Syauswa mukono: "Muzee, nini iko?" "Chuma inalia, Mwalimu! Haukusikia?" Yaya yangu akaangalia mukono wake mwingine. Nyundo ilikuwa humo.

Walimucheka mwaka mzima, na ni haki yao. Lakini Baba Ésaïe hakucheka, na kwa hilo pia alikuwa na haki. Alimuambia mbele ya wote, "Mwalimu, siku nyingine batu hawatakimbia. Watasema, ni Mwalimu na vyuma vyake." Zacharie aliomba musamaha na kuapa hatapiga tena baada ya saa kumi. Alishika neno lake. Kuanzia siku ile alifanya kazi mchana tu, ili kila mutu aliye shambani ajue kwamba nyundo ya mchana ni amani.

Sasa tunafika tarehe 16 Julai, na ninaomba musikilize vizuri, hata wewe mwenye kutazama njia. Ilikuwa mchana, kama saa nane. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, Mwalimu alikuwa kwenye moto na jembe la mujane mumoja. Akainua kichwa akaona watu wenye silaha wanatoka ndani ya kakao. Walikwisha kufika, munanisikia? Hakuna nyundo iliyowaita. Alikuwa na njia nyuma ya kibanda, angeteremka mutoni na kupona. Lakini wanawake walikuwa ku shamba ya maharagi ng'ambo, na wanaume juu kwa mihogo. Na akipiga, nani ataamini? Ni mchana. Ni Mwalimu na vyuma vyake. Alitupa jembe lile chini na kupiga enclume tupu, kwa nguvu zake zote, bila kupumzika.

Kwenye maharagi, Marie-Jeanne alisimama. Wenzake waliendelea kupalilia. Akasema, "Hapana. Ile sauti haina chuma ndani."

"Aah, Mama Christa, siku zote anapiga."

"Ninasema iko tupu! Bwana yangu hawezi kupiga enclume tupu hata akiwa na wazimu. Mukimbie! Mukimbie!"

Wakatupa majembe. Wakakimbia wakipiga yowe, na yowe lao likawatoa wengine kwenye mihogo na nyumbani. Njiani Marie-Jeanne alimuita Maliro, ndugu mudogo wa Baba Ésaïe, aliyekuwa anakausha kakao. Maliro alimucheka bila ubaya, kama alivyokuwa anacheka siku zote. "Mama Christa, ni nyundo ya mchana hiyo. Muende, mutanikuta hapa." Walimukuta hapo, ni kweli. Tulimuzika siku ya tatu yake. Hilo linatuuma hata sisi, na Baba Ésaïe anajua kwamba linatuuma.

Mwalimu alipiga mpaka alipoona kitenge cha manjano cha muke wake kimepanda kilima cha pili. Hapo tu ndipo aliacha nyundo na kukimbia. Risasi ilimupata kwenye paja akiwa anaingia mutoni, akajificha kwenye matete mpaka wanajeshi wakafika. Tulimupeleka Butembo juu ya pikipiki, katikati ya dereva na Gamaliel, mutoto wake. Waganga wa hospitali walimupasua mara mbili, lakini uchafu ulikuwa umeingia ndani ya mufupa.

Hospitalini hakuuliza juu ya muguu wake. Asubuhi ile alikuwa amemuona Maliro akianika kakao, na kila aliyeingia, Zacharie alimuuliza, "Maliro alitoka?" Tulimuficha ukweli. Tulisema yuko Beni kwa shangazi. Ulimi hauna mufupa, mutu wa kijiji alikuja kumuona akamuambia yote: Maliro amekufa, na watu wanasema nyundo ndiyo iliita adui. Zacharie alimuacha aondoke. Kisha akaniuliza mimi, "Florentine, niliipiga tupu. Hakusikia kwamba iko tupu?"

Yaya yangu aliwagombeza watu wote juu ya ile enclume, wakubwa kwa wadogo, mpaka akafikiri kijiji chote kinajua sauti yake. Lakini mutu anayegombezwa anasikia ugomvi, hasikii chuma. Sauti ile aliijua mutu mumoja tu, yule aliyechoshwa nayo. Nilimuambia, "Yaya, aliyekuwa anajua alikimbia, na akakimbiza wengine." Akageuza uso ukutani akalia, na mimi nikalia. Alifariki siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024, saa tatu ya asubuhi, Marie-Jeanne akimushika mukono, baada ya kuomba Zaburi na maji ya baridi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Baada ya kifo chake, mulamu wangu alitoa neno moja juu ya maziko haya, na hakutaka kulibadilisha. Enclume ipigwe kaburini, tupu. Tukaogopa. Sheria ya chuma ingali ipo, tangu mwezi wa saba hata nyundo ya mchana inatisha watu, na mwenye kutoa ruhusa ni Baba Ésaïe, ambaye tangu mwezi wa saba hakuvuka kiwanja chetu wala kutusalimia. Juzi tulimufuata, Marie-Jeanne mbele, mimi nyuma. Alitusikiliza amesimama mulangoni, bila kutupa viti. Wakati Marie-Jeanne alipomaliza, yeye alikaa chini kwenye kizingiti cha mulango wake. Akasema, "Mupige. Mais mutangaze kwanza, batu basikimbie." Tulipokuwa tunaondoka akatuita tena. "Mama Christa, pigeni nguvu. Miye pia nataka kuijua ile sauti yenye mudogo yangu hakujua."

Kwa hiyo Baba Ésaïe, kiti chako kiko mbele, karibu na kaburi. Ukikikalia, neno lile litaisha leo.

Marehemu ameacha mujane, Marie-Jeanne Kavuo; watoto watatu, Christa, Gamaliel na Shalom; mujukuu mumoja, Sagesse, ambaye hajajua kutembea; mimi mudogo wake Florentine; wanafunzi wake wote; na majembe yasiyohesabika ambayo yangali yanalima. Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomuhudumia, wenye pikipiki waliotusaidia bila kuogopa barabara, na kila aliyekuja hapa leo huku moyo wake unamuambia abaki nyumbani.

Na sasa tangazo, kama tulivyoagizwa. Baada ya sala ya pasteur, kabla ya udongo, Marie-Jeanne atapiga enclume tupu. Wazazi, washikeni watoto mikono. Wenye pikipiki, musiwashe. Musifunge masikio. Sikilizeni vizuri, muiweke ndani ya kichwa namna ile haina chuma ndani, mukaifundishe na walio nyumbani, ili siku nyingine mutu asibaki akisema ni nyundo ya mchana. Kisha itanyamaza, na Mwalimu naye apumzike kwa amani ya Bwana, kazi yake imefika mwisho.

Wasingya, asante, yaya. Na ninyi, ndugu zangu, kwa leo tu: musikimbie.