Kabla Ramani Haijasema "Hakuna"

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye baridi hii. Mzee Gikonyo, Mkurugenzi wa mradi wetu wa ramani. Mchungaji na sheikh, mnaoketi bega kwa bega pale mbele. Wauguzi wa zahanati zetu. Wageni wetu mliotoka Kerugoya, kule Kirinyaga, asubuhi na mapema. Na nyinyi akina mama wenzangu mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango, mkijua mtoto akilia mtatoka haraka: nawasalimu nyote, na wa nyuma nawasalimu mara mbili.

Mimi ni Watiri, mama Lynn, wa Endarasha. Nilisoma nikafika kidato cha nne, nalima viazi, nakamua ng'ombe, na huyu mnayemwona mgongoni ni mdogo wake Lynn. Nimechoka, sitawaficha. Mwenye watoto wawili wadogo na ng'ombe wa kukamua anajua uchovu ninaousema. Lakini nimekuja na neno, na sitarudi nalo nyumbani.

Ratiba inasema nitoe shukrani. Nitazitoa, maana zipo nyingi. Halafu nitaomba kitu kimoja ambacho hakiko kwenye ratiba.

Kwa wale ambao bado hawajaifungua, hii tunayoizindua leo ni ramani ya kwenye simu. Kila zahanati ina alama yake. Juu kuna mahali pa kuandika jina la mji au kijiji, na chini yake kuna visanduku vya kugusa: iko wazi sasa, ina maabara, ina mashine ya mvuke ya wenye pumu, haina malipo, na vingine. Unaandika, unagusa, nayo ramani inakuonyesha uende wapi. Si ni rahisi? Mbona basi imetuchukua karibu mwaka mzima?

Nitawaambia kwa nini. Lynn wangu ana pumu. Jumapili moja ya Julai, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Aberdare ukafunika hata paa la kanisa, na ibada ilikuwa katikati, nikamsikia akivuta pumzi kwa ile sauti. Mama wa mtoto wa pumu akiisikia sauti hiyo hangoji sala ya mwisho. Nilimbeba nikatoka. Zahanati ya karibu nasi haifunguliwi Jumapili. Nikafungua ramani, ambayo wakati huo ilikuwa imetolewa kwa majaribio tu, nikagusa visanduku kwa haraka: iko wazi sasa, ina mashine ya mvuke, haina malipo. Ramani ikageuka nyeupe, katikati neno moja: "Hakuna."

Nyinyi mngefanya nini? Ukienda dukani uambiwe hakuna sukari, utaendelea kusimama hapo ukibishana? Nilirudisha simu mfukoni. Baba yake akawasha pikipiki, tukashika njia ya Nyeri mjini, hospitali kubwa, na Lynn katikati yetu akihangaika kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Njiani tulipita zahanati ndogo ya watawa. Mlango ulikuwa wazi. Muuguzi alikuwa amesimama hapo, akatutazama tukipita.

Wapendwa, zahanati ile ilikuwa na mashine. Ilikuwa wazi. Ilikuwa hata kwenye ramani. Ila watawa hutoza kidogo, na mimi nilikuwa nimegusa "haina malipo". Kwa hiyo ramani iliificha, ikaniambia hakuna. Tulipofika mjini midomo ya mtoto wangu ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alipona, Mungu ni mwema, na sasa hivi yuko shuleni anasumbua mwalimu wake. Lakini mimi ule mlango uliokuwa wazi bado nauona.

Kesho yake nikapiga nambari iliyoandikwa chini ya ramani, na sikupiga kwa upole. "Hii ramani yenu ilinidanganya!" Aliyepokea ni Raudha, binti wa Majengo, Nyeri mjini, ambaye kazi yake ni kupanga sura ya ramani: nini kikae wapi, kiandikweje. Angeweza kuniambia kwamba nilichagua vibaya mwenyewe. Badala yake akasema, "Mama Lynn, pole sana. Nikija huko kwenu, utanionyesha vile ulifanya?"

Akaja. Alikuja na Mutahi, anayeandika programu yenyewe, na tukakaa jikoni pa ukumbi wa kanisa kwa sababu ndipo palipo na moto. Nikaita akina mama wa kikundi chetu. Raudha aliweka sheria moja: anayejaribu hasaidiwi. Unapewa simu, unaambiwa tafuta kitu fulani, na wengine wote wananyamaza na kutazama. Jamani, Mutahi aliteseka! Mama akitafuta kitufe mahali hakipo, kijana wa watu anakalia mikono yake miwili asije akanyoosha kidole.

Wa kwanza alikuwa Warigia, yule pale mwenye leso ya manjano. Aliambiwa atafute mahali mtoto anaweza kupata chanjo na dawa ya kifua. Akagusa kisanduku cha kwanza, cha pili, cha tatu, akashuka navyo vyote mpaka chini. Ramani ikasema hakuna.

"Mbona umegusa zote, mama?" Raudha akamuuliza.

"Sababu nataka zote!" Warigia akasema. "Mimi nikienda soko ya Karatina nikiitisha vitunguu, na karoti, na hoho, si kiondo inajaa? Hii yenu naongeza, yenyewe inapunguza. Hiyo ni biashara gani?"

Mutahi akashindwa kuvumilia. "Lakini mama, hapo juu imeandikwa 'Chuja'."

"Nimeona. Nikajua ni ya chai."

Chekeni tu, hata sisi tulicheka mpaka maziwa yakafurika kwenye moto. Lakini Raudha aliacha kucheka mapema kuliko sisi, akatuambia, "Sasa nimeona. Sisi tulichora tukifikiria chujio. Nyinyi mmekuja na kiondo." Na hapo hapakuwa na mjinga. Aliyechora alikuwa sawa kwa kile alichofikiria, na aliyegusa alikuwa sawa kwa kile alichobeba. Kosa lilikuwa pale katikati yao, na pale katikati hakuna aliyekuwa amewahi kukaa kutazama. Je, ni vyombo vingapi tunavyoletewa huku, vizuri, vya gharama, ambavyo hakuna aliyekaa jikoni kututazama tukivitumia?

Msidhani sisi ndio tuliokuwa na majibu yote. Mimi nilikuja na langu, nikalipigania kama mtu anayegombania shamba. Nilisema hili neno "hakuna" liondolewe kabisa; mtu akikosa anachotafuta, aonyeshwe zahanati zote, achague mwenyewe. Mutahi akaandika hivyo. Tukajaribu. Mama mmoja akapata alama zimejaa kioo kizima, akafurahi, akaweka kidole kwenye ya kwanza, akasema, "Nitaenda hapa." Hapo hapakuwa na mashine ya mvuke. Siku hiyo hata muuguzi hakuwepo. Ramani ya kwanza ilimnyima mama kilichopo. Yangu ilimpa kisichokuwepo. Nikanywa chai yangu, tukaanza upya.

Tulianza upya mara nyingi. Visanduku vilikuwa vinafunika ramani yote kwenye simu ndogo, kwa hiyo ukigusa huoni kilichobadilika, vikasogezwa chini. Ulichochagua wiki iliyopita kilikuwa kinabaki kimejificha, kikikuvuruga leo. Sasa kinaonekana juu, na ukikigusa kinatoka. "Chuja" imeondoka, badala yake pameandikwa "Lazima iwe na", na hapo hata Warigia haitishi hoho. Kando ya kila kisanduku kuna hesabu ya zahanati zitakazobaki ukikigusa, ili mtu aone zikipungua kabla hazijaisha. Na ukifika mahali ambapo kweli hakuna, ramani haikuachi na neno moja kwenye kioo cheupe. Inasema: "Hakuna yenye vyote ulivyochagua. Ukiondoa 'haina malipo', iko moja karibu nawe."

Niliposoma sentensi hiyo mara ya kwanza kwenye simu yangu, nilitoka nje ya jiko. Niliona nisilie juu ya unga uliokuwa mezani.

Raudha, dada yangu, simama watu wakuone. Wewe ulipokea matusi yangu ukayafanya kazi. Mutahi, nawe simama. Umefuta kazi yako kwa mkono wako mara nyingi, na sikusikia hata mara moja ukisema watu wa Endarasha hawaelewi simu. Wapigieni makofi. Yaongezeni, tafadhali. Na Mzee Gikonyo, wewe ulitafuta wafadhili, ulitupa muda, na muda ulipokwisha ukatuombea mwingine. Hayo yote nayajua, na kwa sababu nayajua ndipo napata ujasiri wa kusema yanayofuata.

Nyuma yangu kuna bango, jipya kabisa. Limeandikwa "Nyeri na Kirinyaga". Kwamba leo tunafungua ramani ya kaunti zote mbili.

Wiki iliyopita Raudha alimpigia shangazi yake Kibibi, anayeuza mchele Wang'uru, huko huko Kirinyaga. Alitaka tu kumwonyesha kazi yake. Akamwambia, "Shangazi, andika jina la mji wenu pale juu." Simu ilikuwa kwenye spika, sote tulisikia.

"Nimeandika. Inasema huo mji hakuna."

"Umeandika vipi, shangazi?"

"Wanguru! Ulitaka niandike vipi, mwanangu? Ama mji umehama asubuhi hii mimi nikiwa bado dukani?"

Mnaelewa kilichotokea? Ramani iliijua Wang'uru yenye ile alama ndogo baada ya ng, basi. Asiyeiweka alama hiyo, mji wake haupo. Na nani anaitafuta alama hiyo kwenye simu, mikono imejaa vumbi la mchele na wateja wamepanga foleni? Mutahi alilirekebisha papo hapo. Lakini kabla simu haijakatwa Bi Kibibi akauliza, "Na wale wanaoiita Ngurubani, hao mmewaweka?"

Ni jina jingine la mji huo huo, na hatukuwa tumeliweka.

Nimesikia mnong'ono hapo nje, ati mama Lynn anasumbua watu kwa sababu ya alama moja. Alama hiyo imeshatengenezwa, jamani, si hiyo ninayoisemea. Nasemea maneno ya Mutahi mwenyewe siku hiyo. Alisema, "Hilo nimelijua kwa sababu ametuambia. Yale ambayo bado hatujaambiwa, siyajui." Kijana mwaminifu. Kwa hiyo nauliza: ni nani wa Wang'uru, ni nani wa Kerugoya, aliyekaa na ramani hii mkononi, sisi tukamtazama tukiwa kimya? Shangazi mmoja, kwa simu, kwa bahati.

Wageni wetu wa Kerugoya, msinielewe vibaya. Sisemi mngoje kwa sababu nyinyi hamna haraka. Nasema hivi kwa sababu watoto wenu pia hubanwa kifua, na mama wa kwenu akiambiwa "hakuna" ataamini, kama nilivyoamini mimi, na atapita mlango ulio wazi. Afadhali ramani ambayo haijafika kuliko ramani iliyofika ikamgeuza njia. Isiyofika, mama atauliza jirani. Iliyofika, ataiamini.

Mzee Gikonyo, najua bango limechapishwa, na najua kuna watu wanangoja picha. Nakuheshimu, na nakuomba mbele ya hawa wote: leo tufungue Nyeri. Kirinyaga ingoje mpaka akina mama wa Wang'uru na Kerugoya wakae na simu kama tulivyokaa sisi, wakosee mbele yetu, waicheke ramani, na itengenezwe kufuatana nao. Na kundi letu la kujaribu, ambalo ratiba inasema leo linavunjwa, lisivunjwe. Tuko tayari kwenda huko, hata mtoto akiwa mgongoni. Naomba unijibu kabla mkasi haujaguswa. Nitanyamaza.

Mmesikia wenyewe. "Ingoje, mama Lynn." Na mmesikia akiongeza kwamba wafadhili atawaeleza yeye. Asante, mzee. Asante sana. Hilo si jambo dogo kulisema mbele ya kamera.

Basi Warigia, lete hiyo leso. Mutahi, wewe ni mrefu, panda kiti ushike upande ule. Tunafunika neno moja tu la bango, lile la mwisho, Kirinyaga. Polepole, msilirarue, bado lina kazi. Hivyo, sawasawa.

Wageni wetu, leso hiyo haitatolewa na mimi, wala na Mkurugenzi. Mtakuja kuitoa nyinyi, siku mama wa kwenu ataandika jina la kwao vile analitamka yeye, na ramani imjibu. Warigia, wewe umeipoteza kwa muda, utavumilia.

Mheshimiwa, mkasi uko mbele yako. Tukatie utepe wa Nyeri. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka neno langu la mwisho, nawashukuru kwa kunisikia.