Mikono Iliyokataa Mafuta

Marehemu mdogo wetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, kitinda mimba wa watoto watano. Mama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo aliyemwogesha, akambeba mgongoni na kumpaka mafuta mpaka akang'aa ni dada yake mkubwa, ndiye aliyeandika haya. Hilo lieleweke kwanza.

Alimaliza sekondari mwaka 1980. Dada yake alibaki nyumbani ili yeye asome, wala hajuti.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi saa, mtu mpole, aliyemtangulia mwaka 2011. Shemeji yule hatukumwonea wivu. Kila Jumapili alikuwa anatuletea mtu wetu.

Mwaka 1990 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchapa vipande vya kupimia sukari kwenye damu. Kazi yenyewe ni hivi: plastiki inapakwa dawa inayokataa maji, vinaachwa vijinjia vyembamba tu visivyopakwa. Wino wa kupitisha umeme ukimwagwa, unaikimbia ile dawa na kutulia kwenye vijinjia.

"Dada, mtu akigusa na kidole chenye mafuta, wino unatawanyika kama vifaranga walioona mwewe," alisema.

Basi mafuta akayaacha kabisa. Mikono ikapauka kama magome. Dada yake anaweka kopo mezani, yeye analisogeza kando, tena kwa kiwiko. Huko kiwandani wakampa jina, Bi Tone. Nyumbani hatukulitumia.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua. Wodini, mwenzake wa zamu tunayemwita Mama Koti alikuwa anatutangulia kufika, na anakaa upande wa kichwani pa kitanda. Dada yake alimweleza kwamba kiti kile ni cha ndugu. Mgonjwa akafumbua macho.

"Mnanigombania kama nguo ya mnada. Sijafa bado."

Mama Koti alicheka. Dada yake alisogeza kiti chake.

Jumatatu ya mwisho alimnyooshea dada yake mikono, akasema, "Nipake. Sina zamu tena." Dada yake alimpaka mpaka kwenye viwiko. Aliyeshika kopo ni Mama Koti, na kweli lazima isemwe.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, saa tano asubuhi.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na dada yake. Mama Koti naye asimame na ndugu leo. Nyuma yangu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.