Goti Lililoombewa

Treni ndiyo kwanza imeondoka, na mama mshonaji aliyeketi kando ya kinyozi alikuwa akishuhudia kwa sauti. "Mchungaji aliniwekea mikono, goti likapona papo hapo! Imani bila ishara, dada yangu, ni maneno matupu."

Mkunga aliyesimama mbele yao, katoka zamu miguu imemvimba, akacheka. "Bwana asifiwe! Kwangu mimi karama kuu ni upendo. Basi nipishe nikae, maana langu halijaombewa."

Kinyozi, ambaye magoti hayajamuuma tangu azaliwe, alifumba macho akakoroma.

Mshonaji alisita, kisha akainuka wima. "Umeona? Ishara zipo!"

"Zipo," mkunga akaitikia, akijibwaga kitini. "Sasa tumwombee na huyu kaka afufuke."

Treni iliposimama, kinyozi alifufuka bila kuombewa, akashuka kituo kisicho chake.