Mkeka wa Shangazi Ofeina

SAMIU: Haloo? Nani mwenzangu?

OFEINA: Mwenzako tangu lini? Shangazi yako huyu, Ofeina.

SAMIU: Aa, shikamoo shangazi. Namba hii siijui.

OFEINA: Marahaba. Ya jirani Palu hii, yangu haina salio. Nakusikia kwa mbali, Mheshimiwa Waziri wa Mawasiliano. [mkwaruzo] Haloo?

SAMIU: Sogea kidogo. Uko wapi?

OFEINA: Nisogee wapi? Niko makaburini, juu ya tuta la baba yako. Mtandao unashika hapa tu. Nikishukia kwa mjomba wako, unapotea.

SAMIU: Bado mnapigia hapo?

OFEINA: Kisiwa kizima. Kuna foleni. Palu yuko nyuma yangu, anamtafuta mwanawe aliye ng'ambo, Auckland. Marehemu wetu hawalali siku hizi, wanasikiliza umbea.

SAMIU: Shangazi, tunarudi bungeni sasa hivi, nina dakika—

OFEINA: Najua. Redio imesema mchana huu unasoma makadirio ya wizara yako. Eti mnara wetu wa simu umeondolewa.

SAMIU: Haujaondolewa. Umesogezwa—

OFEINA: Wapi?

SAMIU: Kule... kisiwani kwa Waziri Mkuu.

OFEINA: Kumbe mnara una miguu.

SAMIU: Sikupanga mimi. Mimi nasoma tu.

OFEINA: Kwa kusoma hujambo. Ulipokuwa Uvuvi ulitusomea jokofu la samaki, hadi leo tunalisubiri. Ukahamia Magereza, nikasema afadhali, sisi hatuna jela, hatutadai kitu. Sasa wamekupa simu, nami nakupigia nimemkanyaga kaka yangu.

SAMIU: [anacheka] Utaniua, shangazi.

OFEINA: Usife, huku pamejaa. Umevaa nini kiunoni?

SAMIU: Mkeka wa heshima. Bila mkeka kiunoni nani ataniruhusu kuingia bungeni?

OFEINA: Mkeka upi?

SAMIU: ...Wako. Ule wa kale.

OFEINA: Ule uliochakaa, ambao wakubwa wote wanauonea wivu. Aliusuka nyanya yake nyanya yangu. Siku unaapishwa nilikufunga kwa mikono yangu. Nilisema nimekupa?

SAMIU: Ulisema umeniazima.

OFEINA: Na nguo ya kuazima, wahenga wanasema, haisitiri—

SAMIU: Shangazi, katibu wangu yuko hapa.

OFEINA: Msalimie. Sasa sikiliza. Karatasi hiyo ukitaka kuisoma, isome. Ila uvue mkeka wangu kwanza.

SAMIU: Nikiuvua siingii.

OFEINA: Azima wa katibu. Huo hautakuuliza kitu.

[mkwaruzo]

OFEINA: Haloo? Umekatika?

SAMIU: Nipo. Shangazi, nisiposoma, jioni mimi si waziri tena. Miaka kumi na minne ya siasa. Nimekunywa bakuli la kava barazani na kila mzee, nimelia kwenye kila msiba—

OFEINA: Na viazi vikuu ulivyowapelekea wazee hao alivilima nani? Mgongo huu. Uwaziri wako unaniuma mimi pia, Samiu. Usidhani nacheka tu.

SAMIU: Najua.

OFEINA: Mwezi jana mkwe wa Palu alishikwa na uchungu. Alikuja mwenyewe hapa makaburini kwenye mvua kumpigia mkunga, simu ameiinua juu kama taa.

SAMIU: Mtoto je?

OFEINA: Mzima. Wamemwita Samiu. Walikuwa hawajasikia redio.

[mkwaruzo]

SAMIU: Shangazi... boti bado inakuja Jumamosi?

OFEINA: Ikipenda. Fanya haraka, Palu ananivuta sketi, salio linakwisha.

SAMIU: Uje gatini.

OFEINA: Kupokea mkeka?

SAMIU: Kunipokea mimi.

OFEINA: Na mkeka?

SAMIU: Nitakuwa nimeuvaa.

OFEINA: Sema tena. Baba yako hakusikia.

SAMIU: Nitakuja nimeuvaa, shangazi.

OFEINA: Haya. Nitapika majani ya magimbi kwa tui, vile unavyopenda. Na mizigo yako, maana gari la serikali watakunyang'anya, nije na toroli ya—

[Salio limekwisha.]