Hodi ya Bi Chausiku

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Chausiku Ameir anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya usafirishaji na ziara hapa Guangzhou kwa miaka kumi na tisa. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye dereva wake wa siku nyingi, na pia kwa sababu, kama alivyosema meneja, "Rodgers, wewe maneno huishiwi, leo yamwage kwenye karatasi." Haya.

Bi Chausiku ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Alianza kwa kuwakalimania wanunuzi wa vitambaa kule Kangle, akibishana bei na malaoban, mabosi wenye karakana, mpaka wanacheka na kushusha wenyewe. Aliona wateja wetu wakingoja kontena lipakiwe lipelekwe bandari ya Nansha, siku nzima wamelala hotelini wanaangalia dari. Ndipo akabuni ziara yake: asubuhi jinzi za Xintang, mchana parokia ya zamani ya Waingereza huko mashambani. Pana kanisa la mawe lenye mnara mfupi, shule ya wamisionari, daraja la upinde na makaburi yaliyoota kuvu. Mwislamu wa Pemba akinieleza mimi, Mlutheri wa kuzaliwa, kwa nini madhabahu inaelekea mashariki! Nilivumilia.

Lakini wasifu wa kweli lazima useme yote: Bi Chausiku ni mwoga. Lifti haingii peke yake. Makaburini hupita ameushika mkono wa mtu, mara nyingi wangu, na kucha zake nazijua. Wala hakuwahi kuingia kanisa lile bila kusimama kizingitini, kubisha hodi mara tatu na kungoja kidogo.

"Bi Chausiku," nilimtania, "hao Waingereza wamekufa zamani. Unambishia nani?"

"Nyumba ya watu haivamiwi, Rodgers. Mimi nabisha ili nisijibiwe. Siku nikijibiwa, mtanitafuta Pemba."

Agosti mwaka juzi alijibiwa.

Tufani iliyotangazwa kwa kesho yake iliwahi. Tulikuwa darajani na akina mama wa Dar waliokuja kununua jinzi, mvua ikatupiga, kila mtu akakimbilia basini. Kufika, mmoja wao, Najat, hayupo. Simu yake haipatikani. Mto umeshavuka kingo, maji ya kahawia yanaburuta miti mizima. Mama wa Kichina anayetunza funguo za kanisa akatikisa kichwa: "Meiyou, meiyou." Hakuna mtu ndani, kafunga mwenyewe. Basi tukageuka wote tukautazama mto.

Bi Chausiku akamsihi yule mama afungue hata hivyo. Ilikuwa mchana, lakini ndani giza tupu. Akasimama kizingitini, maji yakimpita miguuni.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Upepo ukalia mnarani.

"Hodi!"

"Karibu," sauti ikaitika kutoka chini ya sakafu, pale walipozikwa wachungaji wa Kiingereza.

Akina mama wakatimua mbio wakisoma kila dua waliyoijua. Yule mama wa Kichina, asiyejua Kiswahili hata neno, alielewa vizuri kabisa akawapita njiani. Mimi nilibaki, na baadhi yenu mmekuwa mkinisifu. Miguu ndiyo iliyokataa, jamani. Bi Chausiku alikuwa ameukamata mkono wangu, kucha zote zimezama. Kisha akasema polepole, "Rodgers, maiti wa Kiingereza hajui kuitika karibu."

Akaingia.

Najat alikuwa ameikimbia mvua kwa kupitia mlango wa ubavuni, ambao yule mama aliusahau kuufunga. Mbao zilizooza zikamwachia, akaangukia chumba cha makaburi, mguu umevunjika, maji yamemfika kifuani na yanazidi kupanda. "Lete jinzi!" Bi Chausiku alinipigia kelele. Nikaleta sampuli zote za asubuhi, tukazifunga mguu kwa mguu zikawa kamba. Mikono ya Najat ilikuwa imekufa ganzi, haiwezi kushika. Basi yule asiyeingia lifti peke yake akateremka shimoni, katikati ya makaburi, akamfunga kiunoni. Mimi nilivuta, nikisikia nyuzi zinakatika moja moja. Najat akatoka kwanza. Bi Chausiku alipotoka, ukuta wa chini ulikuwa umeanza kubomoka.

Hospitalini tulimuuliza Najat kwa nini hakupiga kelele za kuomba msaada. "Nilipiga mpaka nikachoka, upepo ukazimeza," akasema. "Halafu mtu akabisha hodi. Mlitaka nijibu nini?"

Kanisa limekarabatiwa, ziara zinaendelea, na kuanzia Julai ni mimi nitakayesimama kizingitini. Wateja wakiniona nimetoa macho, msiwaambie sababu.

Bi Chausiku, asante kwa bei ulizoshusha, kwa njia ulizotuonyesha, hata kwa kucha zako. Uende salama, ukapumzike nyumbani ghorofa ya chini, afya na raha vikukae. Siku moja tutafika Wete na tutabisha hodi mara tatu. Tafadhali, wewe itika ile ya kwanza.