Risala ya Karakana Kuhusu Pampu Iliyokuwa Bado Nzima

Mgeni rasmi, uliye mkurugenzi wetu mpya, Mganga Mkuu, wakuu wa idara, mtunza stoo wetu, ambaye ni shemeji wa nusu ya karakana hii, na nyote mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha, hamjambo.

MAKARIBISHO

Karibu, mgeni rasmi, hapa panaponuka dizeli. Tumesugua sakafu tangu asubuhi, lakini oili ya miaka haitoki kwa siku moja, kwa hiyo angalia unapokanyaga. Utuwie radhi pia kama makofi yetu ni mepesi. Tumechoka. Mwenzetu mmoja hayupo hapa mbele leo, na risala hii kwa sehemu kubwa ni habari zake.

HISTORIA

Karakana hii ilianza na kibanda cha mabati na gari moja la wagonjwa. Fundi wetu mkongwe aliajiriwa kufagia. Akaanza kushikia watu tochi, kisha spana, kisha akaachiwa injini nzima. Wengi wetu ametufundisha yeye. Tunamwita Shangazi, kwa sababu anatugombeza kutwa nzima halafu anauliza nani hajala.

Shangazi ana neno lake: "humo humo." Ukishusha gia boksi kwa ajili ya klachi, atakuinamia: "Na ile sili ya nyuma ya kuzuia oili je? Badilisha humo humo, au umependa kulala chini ya gari?" Maana yake ni rahisi. Kuna vifaa vimejificha ndani sana, na kazi kubwa ni kuvifikia, wala si kuvibadilisha. Ukishafika, na ukaona umri wao umekwenda, usiviache.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo. Tuna kibao kipya. Tuna saa ya ukutani. Magari yote yanayotembea yanatembea.

CHANGAMOTO

Hapa tunaomba uvumilivu wako. Agizo la uongozi linasema stoo itoe kifaa badala ya kile kilicho kibovu. Neno ni hilo, kibovu. Kilichochoka hakimo.

Msimu wa mvua uliopita, gari la wagonjwa liliingia kubadilishwa mkanda wa injini. Kuufikia mkanda huo unatoa bampa, unatoa rejeta, unaining'iniza injini kwa mnyororo, na mgongo unakuambia wewe ni nani. Shangazi alipofika ndani aliikuta pampu ya maji nyuma ya mkanda, ileile iliyokuja na gari. Akaizungusha kwa kidole. Hakupenda ilivyozunguka. Akaenda stoo na grisi yake mikononi.

"Shemeji, nipe pampu. Nimo humu humu."

"Inavuja?"

"Bado."

"Basi si kibovu, Shangazi. Ikivuja, njoo."

"Ikivuja haitavujia hapa. Itavujia njiani."

"Najua," alisema shemeji, na hakumtazama usoni. "Lakini nikikupa, kesho naulizwa mimi."

Shangazi alisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akarudi, tukamsaidia kufunga. Hakutukana hata kidogo, na Shangazi asipotukana ujue amechoka kweli.

Pampu ilivuja njiani. Maji yakaingia kwenye mkanda, mkanda ukakatika, valvu zikapinda, injini ikafa katikati ya mlima. Ndani mlikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu. Dereva wetu alisimamisha lori la mchanga, wakambeba mama juu kwa juu wakampandisha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Gari lilirudi likivutwa. Shangazi alilifungua mwenyewe, bampa, rejeta, mnyororo, kazi ileile upya. Alipoifikia pampu alikaa juu ya tairi. "Nilikuwa humu humu," alisema. 

Uchunguzi ulisema mtu wa mwisho kuigusa injini ile ni yeye, na kwamba ni uzembe. Akasimamishwa kazi. Hakujitetea. Alikwenda kumpa pole yule mama, na alipoulizwa yeye ni nani akajibu, "Fundi wa lile gari." Mama akamsogezea kiti. Walikaa hivyo mpaka jioni.

MAOMBI

Mwaka jana tuliomba viti. Mwaka huu viti basi.

Tunaomba neno kibovu liongezewe ndugu yake. Kifaa kilichochoka, ambacho hakifikiwi bila kubomoa nusu ya gari, kibadilishwe gari likiwa wazi kwa kazi nyingine. Shemeji wetu wa stoo naye analiomba hili. Halali vizuri siku hizi.

Tunaomba Shangazi arudishwe kazini, na neno uzembe liondolewe juu yake.

Na hili linalofuata halimo katika risala iliyopitishwa na uongozi. Mgeni rasmi, gari lako limeletwa hapa kubadilishwa mkanda. Ni la aina ileile. Liko wazi mpaka sasa, nyuma ya pazia hilo tulilotundika usione fujo. Pampu yake haivuji. Tumeomba nyingine, na shemeji ametujibu vilevile. Tumebishana kutwa nzima jana kama hiyo iliyomo itakufikisha kwako, hatukupatana. Tunayemwamini kwa jambo hili yuko nje ya geti tangu asubuhi, amevaa ovaroli lake, na mlinzi amekatazwa kumpitisha. Tunakuomba uzungumze na mlinzi kabla hatujalifunga gari lako.

Mungu akutangulie katika kila mlima, wewe na kila mgonjwa anayelazwa ndani ya magari yetu.

Ni sisi,
Mafundi na Madereva wa Karakana ya Magari ya Wagonjwa.